JINA LA MAHALI NI MALI: WAKULIMA WALIOPIGANIA JINA LA DIVAI YAO



Siku moja tulikwenda gulioni pamoja na wanakisomo wetu wanne. Tulitaka kununua mchele. Mchuuzi mmoja alikuwa na magunia matatu. Yote matatu yalikuwa na maandishi makubwa ya buluu: KYELA. Zamani wenzetu hawa wangeyapita tu maandishi hayo. Sasa wanajua kusoma, basi wakasoma.

Mama mmoja wa darasa letu alichota mchele kiganjani, akaunusa. Akamwuliza mchuuzi, "Mwanangu, mchele huu umetoka Kyela kweli?"

Mchuuzi akajibu, "Mama, gunia limetoka Kyela."

Tulicheka sote, na mchuuzi naye akacheka. Lakini njiani yule mama hakucheka tena. Alisema, "Mchele ule naujua. Ni wa kwetu. Sisi tunalima, mnunuzi anatia ndani ya gunia la Kyela, anapata bei ya Kyela. Sisi tunabaki na bei ya bila jina. Na watu wa Kyela nao wanaibiwa jina. Hivi hakuna sheria?"

Tuliahidi kulijibu swali hilo hapa gazetini. Jibu lake ni refu kidogo. Linaanzia mbali, nchini Ufaransa, kwa wakulima wa zabibu. Zabibu hukamuliwa na kufanywa divai, ambayo wengine huiita mvinyo. Wasomaji wetu wengi hawanywi divai kwa sababu ya dini au kwa kupenda kwao. Hatuwaombi wainywe. Tunazungumza juu ya jina lililoandikwa kwenye chupa.

DIVAI YA CHAMPAGNE

Champagne ni sehemu ya Ufaransa, upande wa mashariki ya mji mkuu, Paris. Ardhi yake ni ya chokaa na hali ya hewa ni ya baridi. Divai ya huko huchachuka mara ya pili ikiwa ndani ya chupa, na ndiyo maana ukiifungua inatoa mapovu. Matajiri wa nchi nyingi waliipenda sana. Wakiwa na arusi au sikukuu, waliitaka Champagne. Jina lile likawa na thamani kubwa.

Lakini wakulima wenyewe hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa vijiji, kila mmoja na shamba lake dogo la mizabibu. Waliuza zabibu zao kwa wafanyabiashara wakubwa wa miji ya Reims na Épernay. Wafanyabiashara hao ndio waliokamua, wakatia chupani, wakabandika jina na kuuza ng'ambo. Msomaji aliyelima pamba au korosho anaijua hali hii bila ya kuelezwa zaidi.

Basi ukaja mdudu mdogo sana anayekula mizizi ya mizabibu. Mdudu huyu aliharibu mashamba ya Ufaransa karibu yote katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Champagne nako akafika. Juu ya mdudu, ikaja mvua mbaya na ukungu. Mwaka 1910 mavuno yalikuwa mabaya mno. Wakulima wengi hawakuvuna kitu cha maana.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Zabibu zilikosekana, lakini chupa za Champagne hazikukosekana madukani! Zilitoka wapi? Baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakinunua divai na zabibu za bei rahisi kutoka sehemu nyingine za Ufaransa, mbali kabisa. Zilikuja kwa gari la moshi. Zilipofika Champagne zilitiwa mapovu na kupewa jina la Champagne. Ni yale yale ya gunia.

Mwezi wa Januari mwaka 1911 wakulima walichoka. Katika vijiji vya mkoa wa Marne, kama Damery na Hautvillers, walivamia ghala za wafanyabiashara waliowashuku. Walivunja mapipa. Divai iliyotoka mbali waliimwaga, nyingine ikaingia mtoni. Serikali ilileta askari. Mwezi uliofuata ikatoa sheria ya kuzuia divai ya nje isiitwe Champagne.

Tungependa kusema kwamba mambo yakaishia hapo, lakini hayakuishia hapo. Kama kuna sehemu ya habari hii ambayo inafaa isomwe polepole, ni hii inayofuata.

NANI YUKO NDANI YA MPAKA?

Ukisema jina ni la watu wa mahali fulani, lazima useme mahali hapo panaanzia wapi na panaishia wapi. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imechora mpaka mwaka 1908. Mkoa wa Marne na sehemu ya mkoa wa Aisne zikawa ndani. Mkoa wa Aube ukaachwa nje.

Watu wa Aube walikasirika sana. Tena walikuwa na hoja. Mji wao wa Troyes ndio uliokuwa mji mkuu wa Champagne ya zamani. Iweje leo waambiwe kuwa wao si Champagne? Mwanzoni mwa mwaka 1911 waliandamana kwa maelfu. Madiwani wa miji na vijiji walijiuzulu. Watu walichoma karatasi za kodi hadharani. Serikali ikatetemeka, na mwezi wa Aprili wabunge wa baraza la juu wakataka mpaka uondolewe.

Habari hiyo ilipofika Marne, watu wa Marne nao wakawaka moto. Kwao, kuondoa mpaka kulikuwa kufungua mlango kwa wadanganyifu wote. Tarehe 12 Aprili 1911, katika mji mdogo wa Aÿ, ghala na nyumba za wafanyabiashara wa divai zilichomwa moto. Wakulima wa Marne walipigana na walanguzi. Wakulima wa Aube walipigana kwa ajili ya haki ya kuingia. Wote walikuwa wakulima, na wote walikuwa na njaa.

Serikali ilijaribu kuwapa watu wa Aube jina la daraja la pili. Hawakuridhika. Vita Kuu ya mwaka 1914 ikaingia katikati, na mashamba mengi ya Marne yakawa uwanja wa mapigano. Baada ya vita, mwaka 1919, sheria mpya ikaweka majina ya mahali mikononi mwa mahakama. Hatimaye sheria ya mwaka 1927 ikawaingiza watu wa Aube ndani ya Champagne kwa haki kamili. Kutoka 1908 mpaka 1927 ni miaka 19. Mtoto aliyezaliwa mpaka ulipochorwa alikuwa amekwisha kuwa kijana mwenye jembe lake.

Mwaka 1935 Ufaransa ilianzisha chombo cha taifa cha kusimamia majina ya namna hii. Na jina la Champagne lilizidi kulindwa hata nje. Kwa mfano, wafanyabiashara fulani walikuwa wakiuza Uingereza divai ya mapovu waliyoiita "Champagne ya Hispania". Watu wa Champagne walikwenda mahakamani London, na mwaka 1960 wakashinda. Waingereza wakaambiwa: divai ya Hispania iuzwe kwa jina la Hispania.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Wengine hudhani kwamba kulinda jina ni kuweka mhuri tu. Hapana. Lazima kuwe na kanuni, na kanuni hizo humbana kwanza mwenye jina mwenyewe. Tutazame jibini ya Roquefort.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi na kuwekwa mpaka yakomae. Roquefort ni kijiji cha kusini mwa Ufaransa, chini ya mlima wa Combalou. Zamani sana sehemu ya mlima huo iliporomoka. Ndani yake yakabaki mapango, na miamba ikawa na nyufa ndefu. Katika nyufa hizo hupita hewa ya baridi na yenye unyevunyevu mwaka mzima. Hewa hiyo inaupenda ukungu wa aina moja wenye rangi ya buluu na kijani. Ukungu huo ndio unaoipa jibini ile ladha kali. (Mwenzetu mmoja aliposikia habari hii alisema, "Mwalimu, kwetu chakula chenye ukungu tunatupa." Ni sawa, na aendelee kutupa. Ukungu wa mahindi na karanga una sumu. Huu wa Roquefort ni mwingine.)

Mwaka 1411 Mfalme Charles wa Sita aliwapa watu wa Roquefort peke yao haki ya kukomaza jibini hiyo katika mapango yao. Mwaka 1925 Bunge la Ufaransa likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya jina hilo. Sasa ili uiite jibini yako Roquefort, lazima maziwa yawe ya kondoo wa aina ya Lacaune, tena mabichi, yasiyochemshwa. Kondoo wawe wa sehemu iliyotajwa. Jibini itobolewe kwa sindano ili hewa iingie. Ikomae katika mapango ya Combalou, na isiuzwe kabla ya siku 90. Ukitia maziwa ya ng'ombe, hata kidogo, hiyo si Roquefort. Kila mwenye kutengeneza hukaguliwa.

Wanunuzi hulipa zaidi kwa sababu wanajua kanuni hizo zipo. Kama wakaguzi wakilala, jina litaoza.

Siku hizi nchi za Umoja wa Ulaya zina daftari moja la majina haya, lililoanzishwa kwa kanuni ya mwaka 1992. Vyakula vya daftari hilo vina mihuri ya aina mbili. Muhuri mwekundu na njano maana yake ni kwamba kazi yote ilifanyika mahali pale pale. Muhuri wa buluu na njano maana yake ni kwamba angalau hatua moja ya kazi ilifanyika pale.

Na jina likiachwa bila kulindwa, je? Uingereza kuna kijiji kinaitwa Cheddar. Huko ndiko lilikoanzia jina la jibini ya cheddar. Watu wakaondoka na ufundi huo, wakaenda Marekani, Kanada, Australia. Leo mtu yeyote mahali popote anaweza kutengeneza jibini akaiita cheddar, na kijiji hakiwezi kumfanya lolote. Jina limekuwa kama neno "chapati". Wagiriki waliona hatari hiyo kwa jibini yao ya feta, ya maziwa ya kondoo na mbuzi. Wadenmark walikuwa wakitengeneza yao kwa maziwa ya ng'ombe na kuiita feta. Kesi ilichukua miaka mingi. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba feta ni ya Ugiriki.

HUKU AFRIKA

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya Wazungu." Basi tuje Afrika.

Kusini mwa bara letu, katika milima ya Cederberg, kaskazini ya Cape Town, huota kichaka kinachoitwa rooibos. Majani yake hukatwa, huchachushwa na kuanikwa juani mpaka yakawa mekundu, kisha hunywewa kama chai. Kichaka hiki hustawi huko tu. Lakini mwaka 1994 jina "Rooibos" liliandikishwa Marekani kama alama ya biashara ya kampuni moja! Maana yake ni kwamba mkulima wa Cederberg akipeleka rooibos yake Marekani angeweza kushtakiwa kwa kutumia jina la kichaka chake mwenyewe. Wenye rooibos walihangaika na mawakili kwa miaka mingi mpaka alama hiyo ilipoachwa mwaka 2005. Walijifunza. Mwaka 2021 jina la rooibos liliingia katika daftari la Umoja wa Ulaya, na lilikuwa jina la kwanza la chakula kutoka Afrika kupewa ule muhuri mwekundu na njano.

Hata hivyo kuna swali jingine. Nani alijua kwanza kwamba majani yale yanafaa? Ni Wakhoi na Wasan, watu wa asili wa nchi ile, ambao wengi wao hawana mashamba makubwa ya rooibos. Mwaka 2019 yalifanywa makubaliano kwamba wapewe asilimia 1.5 ya bei ya majani inayolipwa shambani. Kwa maoni yetu, hiyo ni ndogo. Lakini ni zaidi ya sifuri waliyokuwa wakipata.

Huko Kamerun, bonde la Penja lina udongo wa volkano. Pilipili manga nyeupe ya huko ina harufu ya pekee. Mwaka 2013 jina "Pilipili ya Penja" liliandikishwa katika shirika la nchi za Afrika zinazotumia zaidi Kifaransa, lenye makao yake Yaoundé. Siku zile zile yaliandikishwa majina ya asali nyeupe ya Oku, pia ya Kamerun, na kahawa ya Ziama-Macenta ya Guinea. Kabla ya kuandikishwa, wakulima wa Penja walilazimika kukaa pamoja na wenye miche na wachuuzi, wakaunda chama kimoja, wakakubaliana kanuni na mpaka.

Waethiopia walifuata njia nyingine. Kahawa zao za Harar, Sidamo na Yirgacheffe zinajulikana duniani. Lakini kahawa hiyo inalimwa na watu wengi mno, kila mmoja na kishamba chake. Kumkagua kila mmoja ni gharama kubwa. Kwa hiyo mwaka 2005 serikali yao iliomba majina hayo yaandikishwe Marekani kama alama za biashara zenye mwenyewe mmoja, yaani serikali. Wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walipinga. Palikuwa na mabishano makali, na mwaka 2007 Ethiopia na kampuni ya Starbucks zilifikia makubaliano.

SHERIA INASEMAJE?

Nchi zilizo katika Shirika la Biashara la Dunia, na Tanzania ni mojawapo, zina mkataba ulioanza mwaka 1995. Mkataba huo unazitaka nchi zote zilinde majina ya mahali. Lakini ukisoma vizuri utaona upendeleo. Divai na pombe kali zimepewa ulinzi mkubwa: hata ukiandika "divai ya namna ya Champagne" ni makosa, ingawa hujamdanganya mtu. Vyakula vingine, kama mchele, chai na asali, vina ulinzi mdogo: mwenye jina ni lazima aonyeshe kwamba wanunuzi wanapotoshwa. Nani wana divai nyingi zenye majina? Ni Ulaya. Nchi nyingi maskini zimelalamika kwa miaka mingi ili ulinzi uwe sawa.

Hapa karibu, Uganda ilitunga sheria yake ya majina haya mwaka 2013. Zanzibar, kisiwa cha karafuu, ina sheria ya mwaka 2008 yenye sehemu inayohusu majina ya namna hii. Tanzania Bara, mlango uliozoeleka ni Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 1986, na ofisi yake ni BRELA. Chama cha ushirika kinaweza kuomba alama yake huko. Ofisi ya biashara ya wilaya inaweza kuwaelekeza wanaotaka kuanza.

TULIVYOZUNGUMZA DARASANI

Tuliporudi darasani tuliandika ubaoni neno KYELA, tukachora mpaka. Mzee mmoja akauliza kama mpunga wa kijiji kilicho ng'ambo ya mto, mbegu ile ile, maji yale yale, utakuwa wa Kyela au la. Hapo ubishi ukaanza. Wengine walisema Kyela ni wilaya, basi mpaka wa wilaya utoshe. Wengine wakasema mpaka wa wilaya ulichorwa kwa ajili ya utawala, haukuchorwa kwa ajili ya harufu ya mchele. Kijana mmoja akasema afadhali tuachane na jina la Kyela, tutafute jina la kijiji chetu, tuliandike kwenye magunia yetu wenyewe.

"Na gharama ya magunia atatoa nani?" akauliza mweka hazina wa ushirika. Hakuna aliyejibu.

Kisha yule mama wa gulioni akasema jambo ambalo sisi walimu hatukulifikiria. Alisema kwamba kabla ya kuandika jina lazima sisi wenyewe tuache kuchanganya. Katika mavuno yaliyopita baadhi yetu walichanganya mpunga mpya na wa zamani, na mbegu tatu katika gunia moja, kisha wakalijaza lumbesa mdomo ukawa haufungiki. "Mkaguzi akija," alisema, "ataanzia kwa nani?" Watu waliangalia chini. Mwalimu mmoja naye aliangalia chini, kwa kuwa naye ana shamba.

Basi tumekubaliana hivi. Alhamisi ijayo kila mwanakisomo ataleta kibaba kimoja cha mchele wake, na karatasi aliyoandika mwenyewe aina ya mbegu, shamba lilipo na mwezi wa kuvuna. Tutapika kila mchele katika sufuria yake, na sufuria moja itakuwa ya mchele ulionunuliwa Kyela kwenyewe kwa ndugu wa mwenzetu. Karatasi zitafunikwa mpaka watu wamekwisha kuonja. Majibu tutayaandika katika toleo lijalo, hata kama sufuria yetu itashindwa.